Jacob Wainwright na Safari ya Mwisho ya Bwana Livingstone

Katika kurasa za kitabu cha jubilii wasomaji huzoea kukuta habari za maaskofu na mapadre, na ni haki yao. Lakini sisi tumependa kuandika habari za mtu ambaye hakuwa askofu wala padre, wala hakulelewa katika misioni yetu ya U.M.C.A., maana alikuwa mtoto wa C.M.S. Jina lake Jacob Wainwright. Watu wengi wakilisikia hudhani kuwa ni Mzungu. Hakuwa Mzungu, alikuwa Myao, ndugu yetu kabisa, na jina hilo alilipata katika ubatizo.

Alipokuwa mtoto alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa, akaletwa pwani, akatiwa chomboni pamoja na wengine. Manowari ya Waingereza ikawaokoa, lakini hawakurudishwa kwao, maana siku zile hapakuwa na njia ya salama ya kumrudisha mtoto bara. Angalikamatwa tena kabla ya kufika. Basi akapelekwa Bara Hindi, mpaka Sharanpur karibu na mji wa Nasik, ambako Padre William Salter Price wa C.M.S. alikuwa na makao ya watoto wa Afrika waliookolewa baharini. Huko walifundishwa dini, kusoma na kuandika, lugha ya Kiingereza na kazi za mikono. Watu wa pwani wakawaita vijana hao Wanasik.

Mwaka 1872 vijana kadhaa wa Nasik waliletwa Unguja ili waende bara na msafara wa kumtafuta Bwana David Livingstone. Msafara ule ulivunjika, kwa sababu Bwana Stanley alikuwa amekwisha kumwona. Ndipo Stanley akaandika watu wengine hapa Unguja, akawapeleka kwa Livingstone, na Jacob alikuwa mmoja wao. Walifika Kwihara, karibu na Tabora, mwezi wa Agosti 1872, na mwezi ule ule wakaondoka naye kwenda kusini kutafuta chemchemi za mto Nile, ambazo hazikuwako upande huo.

Habari za kifo cha Livingstone zajulikana na kila mtoto wa shule, kwa hiyo hatutakawia hapo. Alikufa katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Ilala, mwanzo wa Mei 1873, nao walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Wakuu wa msafara walikuwa Susi na Chuma, watu waliomtumikia kwa miaka mingi, nao pamoja na wenzao waliazimu kuuchukua mwili mpaka pwani. Kazi ya Jacob ilikuwa ile aliyofundishwa shuleni. Aliandika orodha ya vitu vyote vya marehemu, kisipotee hata kimoja. Moyo ulipozikwa chini ya mti mkubwa, yeye ndiye aliyesoma sala za maziko katika kitabu. Tena akachonga katika gome la mti jina la marehemu na tarehe, pamoja na majina ya baadhi ya wakuu wa msafara. Jina lake mwenyewe hakulichonga.

Mwili uliotiwa chumvi na kukaushwa juani ukafungwa kwa nguo na gome la mti, ukaning'inizwa katika mti wa kuchukulia mabegani. Wakaenda maili zaidi ya 1,000, kwa miezi kama tisa. Walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba wakamkuta Bwana Cameron, afisa wa manowari, naye akawashauri wamzike papo hapo, maana njia ya mbele ilikuwa na hatari. Wakakataa. Walipofika Kasekera wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wakafanya hila. Waliufunga mwili upya kama robota la nguo za biashara, na mzigo mwingine wa uongo wakaupeleka nyuma kana kwamba maiti yarudishwa Unyanyembe. Wenyeji wakatulia, na lile robota likapita mbele ya macho yao. Mwezi wa Februari 1874 wakatokea Bagamoyo. Katika safari hiyo yote Jacob alikuwa akiandika habari katika daftari yake.

Hapo ndipo mambo tunayotaka kuyasimulia yanapoanza hasa.

Manowari iitwayo Vulture iliuvusha mwili kutoka Bagamoyo mpaka Unguja. Mji ulikuwa umegeuka tangu walipoondoka. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alikuwa ametia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko ya watumwa. Livingstone, aliyeipigania shauri hiyo maisha yake yote, alikuwa amekufa mwezi mmoja tu mbele, asipate kuisikia. Mahali pa soko, pale Mkunazini, misioni yetu ilikuwa imekwisha kupata kiwanja, na jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa siku ya Noeli ya mwaka ule ule. Basi Jacob, aliyeuzwa utotoni, aliushusha mwili wa Livingstone katika mji ambao soko lake la watumwa lilikuwa limefungwa, na misingi ya kanisa ilikuwa imeanza kuchimbwa mahali pake.

Katika ofisi ya balozi wa Kiingereza wachukuzi walilipwa mshahara wao, kisha wakaambiwa kazi imekwisha. Wakatawanyika mjini na mashambani. Watu waliokula pamoja na kuugua pamoja tangu Ilala waliachana kwa siku chache. Mwili ulikuwa hauna budi kupelekwa Uingereza, na aliyechaguliwa kwenda nao ni mmoja tu: Jacob Wainwright. C.M.S. ndio waliomlipia nauli.

Hapa twapenda kusema maneno yetu wenyewe. Susi na Chuma walikuwa wamekuwa na Livingstone miaka kama kumi. Chuma aliokolewa utumwani mwaka 1861, siku za Askofu Mackenzie, na Susi aliingia kazini pale mto Zambezi. Jacob alikuwa amemjua marehemu kwa muda wa miezi tisa tu. Kwa haki wale wawili wangalitangulia. Lakini Jacob alijua Kiingereza cha kuzungumza mbele ya watu, tena alikuwa na misioni ya kumtoa fedha, nao hawakuwa nayo. Walimu wenzetu wanalijua jambo hili: kijana mwenye elimu ya shule huitwa mbele, na mzee aliyebeba mzigo huachwa uani. Si kosa la Jacob, maana hakujichagua. Lakini Wazungu wengine walimwona mwenye majivuno, na sisi twafikiri kwamba neno hilo lilianzia hapo, kwa kuwa alipewa heshima ya watu sitini aivae peke yake. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye mwaka ule ule, kwa fedha ya Bwana James Young, rafiki wa marehemu, lakini walipofika maziko yalikuwa yamekwisha.

Merikebu iendayo Aden kwa desturi hutoka bandarini ikaelekea kaskazini. Bububu na Mangapwani huachwa mkono wa kuume, kisha kisiwa cha Tumbatu, na mwisho mtu huona mchanga mweupe wa Kendwa na minazi ya Nungwi, ndipo nchi ya Unguja inapokoma na bahari kuu kuanza. Siku hizi Kendwa imejaa nyumba za wageni, na baadhi ya Wakristo wetu kutoka bara wafanya kazi huko. Wageni wengi hufika pale kumaliza safari ndefu, wengine wakiwa peke yao kabisa, wakapumzika siku mbili tatu kabla ya kurudi makwao. Jacob yeye alikwenda kinyume chao. Alipoipa kisogo pwani ile, sehemu ya mwisho ya safari yake ndiyo iliyokuwa mbele, na haikuwa ya kurudi kwao. Alikuwako Mzungu mmoja mfanya biashara, Bwana Laing, aliyepewa amana ya kuufikisha mwili. Lakini katika watu wote waliotoka nao Ilala hakuwako mwingine hata mmoja.

Walipofika Aden wakaingia katika merikebu ya Malwa, wakapita bahari ya Sham na mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869. Iko picha ya siku zile imwonyeshayo Jacob karibu na sanduku la maiti, amevaa nguo za Kizungu. Tumeitazama mara nyingi. Bara mzigo ule ulikuwa wa watu wengi, wakipokezana mabega; baharini hapakuwa na cha kubeba tena, ila kukaa nao na kuulinda.

Katikati ya Aprili 1874 Malwa ikatia nanga Southampton. Mizinga ikapigwa, wakuu wa mji wakaja na umati wa watu, na treni ya peke yake ikawekwa ya kuupeleka mwili London. Huko uliwekwa katika nyumba ya Chama cha Kifalme cha Jiografia, na waganga wakaitwa kuutazama, maana watu wengine walishuku kama kweli ni yeye. Daktari William Fergusson akautafuta mkono wa kushoto. Mwaka 1844, pale Mabotsa katika Afrika ya Kusini, simba alimshika Livingstone akamvunja mfupa wa mkono, nao haukuunga vema. Fergusson akaliona pengo la mfupa ule, shaka ikaisha. Kwa hiyo wale wachukuzi walithibitishwa kuwa wakweli. Nasi twaona kwamba Jacob, aliyekuwako kwa niaba yao wote, ndiye ambaye angeitwa mwongo kama mfupa usingalionekana.

Jumamosi tarehe 18 Aprili maziko yakafanyika katika kanisa la Westminster, walimozikwa wafalme wa Uingereza. Wanane ndio waliopewa heshima ya kwenda ubavuni mwa jeneza, na Jacob alikuwa mmoja wao, pamoja na Stanley, na Daktari Kirk balozi wa Unguja, na Horace Waller aliyekuwa zamani mmoja wa watu wetu wa U.M.C.A. Mzee Robert Moffat, mkwewe marehemu, alikuwako. Basi sala za maziko Jacob alizisikia mara ya pili juu ya mtu yule yule. Mara ya kwanza alizisoma mwenyewe, chini ya mti, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa Wakristo.

Juu ya kaburi liliwekwa jiwe lenye maandiko, na katika maandiko hayo yasemwa kwamba mikono amini ilimleta kwa nchi kavu na kwa bahari. Majina ya wenye mikono hiyo hayakuandikwa. Chama cha Jiografia kilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili yao, lakini zilipoletwa wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Jacob alikaa Uingereza miezi michache, akizungumza katika mikutano ya C.M.S. Daftari yake ikafasiriwa kwa Kijerumani, ikapigwa chapa Gotha katika mwaka huo wa 1874. Kwa Kiingereza, lugha aliyoiandika, ilikaa muda mrefu sana. Ndipo mwaka 1919 ukapita, na 1969 ukapita, hata mwaka 2019 maandishi ya mkono wake yakatolewa katika intaneti, kila mtu apate kuyasoma. Waingereza walimsikiliza kwa majira moja, kisha wakamsahau. Hilo halitushangazi, kwa kuwa walikuwa na Stanley wa kumsikiliza.

Alirudi Afrika kabla ya mwaka kwisha, pamoja na Padre Price mlezi wake, aliyetumwa Mombasa kuanzisha mji wa watumwa waliookolewa, ndio Frere Town. Jacob akawa mwalimu huko, lakini hakudumu. Baadaye alikwenda mpaka Buganda, siku za Kabaka Mutesa, kisha akashuka Unyamwezi akaingia katika kazi ya misioni ya London, yaani L.M.S., pale Urambo. Mtu aliyepita kati ya wakuu katika kanisa la Westminster alimaliza siku zake akiwa mtumishi katika kituo cha misioni ya watu wengine, karibu na njia ile ile waliyopita na robota lao. Alikufa Urambo mwaka 1892. Chuma alikuwa amekufa hapa Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa katika misioni yetu mwaka 1886, akaitwa David, naye alikufa mwaka 1891.

Mti wa Chitambo ulisimama miaka saba zaidi. Ulipoanza kuoza ulikatwa, mwaka 1899, na kipande chenye herufi alizozichonga Jacob kikapelekwa London. Kutoka katika mbao za mti huo ulifanyizwa msalaba, nao umo katika kanisa kuu la Mkunazini. Si mkubwa, mwenye kuingia kanisani kwa haraka aweza kuupita asiuone.