Kadhi Aliyeuzuliwa Mara Tano

Wengi wetu twamjua Ibn Khaldun kwa Mukadima yake, aliyoimaliza mwaka 1377 akiwa katika ngome moja ya nchi iitwayo leo Algeria. Wachache wajuao kwamba mwanachuoni huyo, mzaliwa wa Tunis mwaka 1332, aliwahi kuachishwa kazi moja mara tano.

Alifika Misri mwishoni mwa mwaka 1382. Mwaka 1384 Sultani Barquq akamtawaza kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki mjini Cairo. Alikuta mahakama imeoza. Mashahidi waliokabidhiwa kuandika hati walikuwa wakizighushi, na mali ya wakfu ikitolewa kwa hila za kisheria. Msomaji wa mwambao hahitaji kufafanuliwa hilo. Basi akawaadhibu waongo, akawazuia mamufti wasio na elimu, na wakubwa waliokuja kuwaombea watu wao akawakatalia.

Maadui wakawa wengi. Wakasema ni mgeni asiyejua taratibu za Misri. Hata vazi lake la Kimaghribi, alilokataa kulivua, lilitiwa dosari. Katika siku hizo hizo merikebu iliyowachukua ahali zake kutoka Tunis ikazama karibu na Iskandaria. Mwaka 1385, hata mwaka haujatimia kazini, akauzuliwa. Mwenyewe aliandika kwamba alikwisha choka akitamani kuachiliwa, lakini moyo wangu wakataa kuliita hilo kujiuzulu.

Angeshtaki wapi? Aliyemwajiri ndiye aliyemwondoa, na juu yake hapakuwa na baraza. Akarudi kusomesha, na mwaka 1387 akenda kuhiji. Miaka 14 ilipita ndipo akarudishwa, mwaka 1399. Mwaka uliofuata Sultani Faraj akamtoa tena. Tangu hapo ukadhi ukawa bembea baina yake na washindani wake: huyu apanda, yule ashuka.

Nami hustaajabu kwamba yote haya yalimfika mtu aliyekwisha andika katika Mukadima kuwa pato la mtu ni thamani ya kazi yake, na kwamba kumtumikisha mtu bila ujira ni katika dhulma kubwa ziangamizazo miji.

Mapema mwaka 1406 aliwekwa kwa mara ya sita. Safari hii hawakuwahi kumwondoa. Alifariki katika Ramadhani ya mwaka huo angali kadhi, akazikwa katika makaburi ya Masufi, nje ya Bab al-Nasr. Mwenyezi Mungu amrehemu.