Fausto Coppi: Bingwa wa milima aliyeangushwa na mbu

MNAMO Januari 2, 1960, katika hospitali ya mji wa Tortona kaskazini mwa Italia, aliaga dunia mwanamume ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameikwea milima ya Ulaya kwa baiskeli kwa kasi iliyowaduwaza wapinzani wake. Fausto Coppi alikuwa na umri wa miaka 40 pekee. Aliuawa na malaria aliyoambukizwa barani Afrika majuma machache kabla, na dawa ya kuutibu ugonjwa huo ilikuwepo.

Coppi alizaliwa Septemba 15, 1919 katika kijiji cha Castellania, eneo la Piedmont, katika familia ya wakulima wa kipato cha chini. Kwa kumtazama, hakuna aliyeweza kudhani kuwa mvulana huyo angekuwa bingwa wa mchezo wowote. Alikuwa na miguu mirefu na myembamba, na mifupa yake ilivunjika upesi kila alipoanguka. Lakini ndani ya kifua chake kipana mlikuwa na moyo na mapafu yenye uwezo usio wa kawaida.

Aliacha shule akiwa na miaka 13 na kuajiriwa katika duka la nyama mjini Novi Ligure, ambako alipelekea wateja nyama kwa baiskeli. Ami yake aliyekuwa baharia ndiye aliyemsaidia kwa fedha za kununua baiskeli ya mashindano. Katika mji huo huo alikutana na Biagio Cavanna, mkandaji misuli aliyekuwa kipofu. Cavanna alimpapasa misuli, akautegea sikio moyo wake, akatambua kipawa ambacho wenye macho hawakuwa wamekiona. Tangu hapo akawa mwalimu na mlezi wake michezoni.

Kutoka msaidizi hadi bingwa

Ili kufahamu ukubwa wa Coppi, sharti kwanza kufahamu jinsi mashindano makuu ya baiskeli yanavyoendeshwa. Giro d'Italia na Tour de France huchukua takriban majuma matatu, na waendeshaji hupita umbali wa maelfu ya kilomita uliogawanywa katika mikondo ya kila siku. Muda wa kila mtu katika mikondo yote hujumlishwa, na mwenye muda mfupi zaidi ndiye bingwa.

Katika mikondo ya nyanda tambarare, adui mkubwa ni upepo. Anayetangulia huukata kwa nguvu zake mwenyewe ilhali anayemfuata nyuma hujikinga mgongoni mwake na kuhifadhi nguvu nyingi. Kwa sababu hiyo kundi zima husafiri pamoja, na ni shida kwa mtu mmoja kuliponyoka. Hapo ndipo timu huhitaji wasaidizi wa kukata upepo, kuchota maji, na hata kumpa kiongozi wao gurudumu lake linapotoboka.

Mlimani mambo hubadilika. Kasi hupungua, kinga ya mgongo wa mwenzako haina faida kubwa tena, na kila mmoja hubaki na uzito wake, mapafu yake na ujasiri wake. Dakika ambazo haziwezi kupatikana kwa juma zima la tambarare huweza kupatikana kwa mteremko mmoja tu.

Coppi alianza kama msaidizi. Mwaka 1940 timu ya Legnano ilimwajiri amhudumie Gino Bartali, ambaye tayari alikuwa ametwaa Giro mara mbili na Tour mara moja. Lakini Bartali alianguka na kuumia siku za mwanzo za Giro. Katika mkondo wa kutoka Florence hadi Modena, kijana huyo wa miaka 20 aliwaacha wenzake katika mlima Abetone huku mvua ikinyesha, akatwaa jezi ya waridi ya kiongozi na kuihifadhi hadi Milan. Bwana wake wa jana akalazimika kumsaidia.

Furaha hiyo haikudumu. Giro ilimalizika Juni 9, 1940. Siku iliyofuata, Italia iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia.

Katikati ya vita hivyo, Novemba 1942, Coppi aliweka rekodi ya dunia ya kuendesha baiskeli kwa saa moja katika uwanja wa Vigorelli mjini Milan, alipokwenda kilomita 45.798. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1956, ilipovunjwa na Mfaransa Jacques Anquetil. Miezi michache baada ya rekodi hiyo, Coppi alipelekwa vitani Tunisia, na mnamo Aprili 1943 akatekwa na majeshi ya Uingereza. Hivyo ndivyo alivyofika Afrika kwa mara ya kwanza, naye akakaa huko kama mfungwa wa vita.

Aliporejea michezoni, alikuwa kama mtu aliyekuja kudai deni. Katika mbio za Milan-San Remo za 1946 alimaliza dakika 14 mbele ya aliyemfuata. Mwaka 1947 alitwaa Giro yake ya pili, akimpiku Bartali.

Uhasama wa wawili hao uliigawa Italia. Bartali alikuwa Mkatoliki mcha Mungu aliyependwa na washikilia desturi. Coppi alionekana kuwa sura ya Italia mpya ya viwanda na sayansi, mtu aliyechunguza chakula chake, mazoezi yake na vifaa vyake kwa makini ambayo hayakuwa ya kawaida wakati huo.

Mwaka wa miujiza

Juni 10, 1949, Giro ilifika katika mkondo wa kutoka Cuneo hadi Pinerolo, kilomita 254 zilizopitia milima mitano: Maddalena, Vars, Izoard, Montgenèvre na Sestriere. Coppi alichomoka katika mlima wa kwanza, zikiwa zimesalia kilomita 192. Hakuna aliyemwona tena hadi jioni. Bartali, aliyemaliza wa pili, aliwasili karibu dakika 12 baadaye. Giro hiyo ikawa ya Coppi.

Majuma machache baadaye alikwenda Ufaransa kushiriki Tour de France kwa mara ya kwanza, na huko tambarare nusura zimmalize. Katika mkondo wa tano, kutoka Rouen hadi Saint-Malo, alianguka na baiskeli yake ikaharibika. Gari lililobeba baiskeli yake ya akiba lilikuwa mbali nyuma. Alisimama kando ya barabara akiwa amekata tamaa kabisa, akitaka kurudi nyumbani. Meneja wa timu ya Italia, Alfredo Binda, ndiye aliyembembeleza aendelee. Wakati huo alikuwa zaidi ya nusu saa nyuma ya kiongozi, Mfaransa Jacques Marinelli.

Mbio hizo zilikuwa na mikondo 21, na Binda alijua kuwa milima ilikuwa bado mbele. Walipofika Alps, Coppi na Bartali waliwaacha wengine wote. Siku ya kwanza, Julai 18, Bartali alikuwa anatimiza miaka 35, na Coppi akamwachia ushindi mjini Briançon. Siku ya pili Bartali alipatwa na masaibu barabarani, na Coppi akaenda zake hadi Aosta, akaivaa jezi ya manjano. Kisha akashinda mkondo wa kilomita 137 ambao kila mmoja alikimbia peke yake dhidi ya saa. Alifika Paris akiwa bingwa, karibu dakika 11 mbele ya Bartali. Hakuna mtu mwingine kabla yake aliyekuwa amenyakua Giro na Tour katika mwaka mmoja.

Pigo la ndugu

Mwishoni mwa Juni 1951, mdogo wake Serse, aliyekuwa pia mwendeshaji baiskeli na rafiki yake wa karibu, alianguka mjini Turin katika mbio za Giro del Piemonte. Aliinuka, akamaliza safari yake, lakini hali yake ikazorota akafariki usiku huo.

Siku chache baadaye Coppi alijitosa katika Tour akiwa na majonzi. Mkondo wa kutoka Carcassonne hadi Montpellier haukuwa na milima ya kutisha. Ulikuwa wa joto na barabara zilizonyooka, mahali ambapo bingwa kama yeye hakutarajiwa kuhangaika. Hata hivyo nguvu zilimwishia. Wasaidizi wake walirudi nyuma kumsindikiza, wakampa maji na kumtia moyo, lakini alipoteza zaidi ya dakika 30 siku hiyo moja. Aliyewashinda wote mlimani alishindwa na tambarare, kwa kuwa mzigo aliobeba haukuwa wa barabara.

Mwaka uliofuata alirudi akiwa mtu tofauti. Katika Tour ya 1952, msaidizi wake Andrea Carrea alijiunga na waendeshaji waliochomoka katika mkondo wa kwenda Lausanne ili awachunge kwa niaba ya kiongozi wake. Alipofika mwisho alishtuka kuarifiwa kwamba jezi ya manjano ilikuwa yake. Alilia, akihofu kuwa Coppi angemwona amekosa adabu. Coppi alimpongeza, na kesho yake akaichukua jezi hiyo mwenyewe.

Kesho hiyo ilikuwa Julai 4, 1952, siku ambayo mkondo wa Tour ulimalizikia Alpe d'Huez kwa mara ya kwanza. Katika kona 21 za mlima huo, Coppi alimwacha Mfaransa Jean Robic na kufika juu peke yake. Alishinda tena Sestriere, na baadaye Puy de Dôme. Pengo lilikuwa kubwa kiasi kwamba waandalizi waliongeza zawadi ya nafasi ya pili ili wengine wasikose sababu ya kushindana. Alimaliza zaidi ya dakika 28 mbele ya Mbelgiji Stan Ockers. Mwaka huo pia alikuwa ametwaa Giro.

Mwaka 1953 alitwaa Giro ya tano kwa kumshinda Mswisi Hugo Koblet katika mlima Stelvio, uliokuwa ukitumiwa kwa mara ya kwanza katika mbio hizo. Agosti mwaka huo akawa bingwa wa dunia mjini Lugano.

Baada ya hapo jua lake likaanza kutua. Coppi, aliyekuwa na mke na binti, alianza kuishi na Giulia Occhini, mke wa daktari mmoja. Wakati huo uzinzi ulikuwa kosa la jinai nchini Italia. Wawili hao walifikishwa mahakamani na kupewa vifungo vilivyoahirishwa, na mtoto wao wa kiume akazaliwa Argentina mwaka 1955. Mashabiki wengi waliomshangilia jana walimgeuzia kisogo.

Safari ya mwisho

Desemba 1959, Coppi na waendeshaji kadhaa mashuhuri, wakiwemo Anquetil na Mfaransa Raphaël Géminiani, walialikwa Upper Volta, nchi inayojulikana kama Burkina Faso tangu 1984. Ilikuwa imebakisha miezi michache tu ijipatie uhuru kutoka kwa Ufaransa. Walishindana katika jiji kuu la Ouagadougou, kisha wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, na mbu wakawauma wote wawili.

Waliporudi makwao, wote wawili walishikwa na homa kali. Géminiani alizirai kwa siku kadhaa, lakini madaktari wa Ufaransa walipima damu yake na kuvikuta vijidudu vya malaria. Alipewa kwinini, akapona. Aliishi hadi Julai 2024, akafariki akiwa na miaka 99.

Upande wa pili wa mpaka, madaktari waliomhudumia Coppi waliamini kuwa alikuwa na ugonjwa wa mapafu, na wakamtibu hivyo. Inasimuliwa kwamba jamaa za Géminiani walipiga simu Italia kutoa tahadhari, lakini haikubadilisha lolote. Ugonjwa ambao mama yeyote wa Kisumu au Malindi angeushuku mara tu mtoto wake anapoanza kutetemeka haukutambuliwa kitandani mwa mwanamichezo maarufu kuliko wote nchini mwake.

Kinachosikitisha zaidi ni mahali pa kosa hilo. Neno malaria lenyewe lina asili ya Kiitaliano, likimaanisha hewa mbaya. Ni Mwitaliano Giovanni Battista Grassi aliyeonyesha mwaka 1898 kwamba mbu aina ya anofelesi ndiye anayemwambukiza binadamu. Naye Camillo Golgi aliuchunguza ugonjwa huo mjini Pavia, mji usio mbali na Tortona. Lakini baada ya vita Italia ilikuwa imefaulu kuwaangamiza mbu wake, na kaskazini mwa nchi malaria ilikuwa imesahaulika. Tone moja la damu chini ya darubini lingetosha kuwakumbusha.

Mnamo 2002 kulizuka madai kwamba Coppi alipewa sumu alipokuwa Afrika. Waendesha mashtaka wa Tortona walichunguza na kuifunga faili, kwani hapakuwa na ushahidi wa kuyathibitisha.

Leo jina lake limo milimani. Tangu 1965 kilele cha juu zaidi katika kila Giro huitwa Cima Coppi, na anayekifikia wa kwanza hutuzwa. Mwaka 2019, miaka 100 baada ya kuzaliwa kwake, kijiji alikozaliwa kilibadilishwa jina na kuitwa Castellania Coppi. Amezikwa huko huko, kando ya Serse.