Mama Muzee Aliyetembea kwa Miguu mpaka Vesali

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama wa kambi, leo tuache mishahara kidogo. Ninawaletea maisha ya mama mumoja wa India wa zamani sana, karibu miaka 2500 iliyopita. Jina lake Mahapajapati Gotami. Wengi wetu tumesikia jina la Buddha, yule mwalimu mukubwa wa Asia, lakini nani alimulea? Ni huyu mama.

Yeye na dada yake Maya waliolewa na bwana mumoja, Suddhodana, mukubwa wa kabila la Wasakya, katika muji wa Kapilavatthu, upande wa mupaka wa Nepal na India ya leo. Maya alizaa mutoto mwanaume, Siddhattha, na kisha siku 7 akafariki. Gotami akabeba yatima. Vitabu vya zamani vinasema kama alipopata mutoto wake mwenyewe, Nanda, alimuweka kwa walezi kusudi maziwa yake yabaki ya mutoto wa dada.

Siddhattha akakua, akaoa, akatoka nyumbani akiwa na miaka 29. Kwa miaka 35 akawa Buddha, maana yake yule aliyeamuka, akaanza kufundisha na kukusanya watawa. Alifundisha hata namna ya kusema: neno liwe la kweli, litoke kwa wakati wake, liwe la upole, lenye faida, na moyo usiwe na chuki. Siku moja Wasakya na jirani zao Wakoliya walitaka kupigana juu ya maji ya muto Rohini, maana jua lilikuwa kali na mashamba yanakauka. Ilianza na matusi ya watumishi wa shamba, kisha wakubwa wakashika silaha. Buddha akaingia katikati, akawauliza kama maji yanapita damu ya watu kwa bei. Silaha zikashuka. Wanaume wengi wakamufuata katika utawa, na wake zao wakabaki peke yao.

Hapo Suddhodana alikuwa amekwisha kufa. Gotami ni mujane, na ni muzee: mutoto aliyemunyonyesha alikuwa na miaka 40 hivi, hesabu mwenyewe. Siku zile mama wa namna hiyo alipaswa kukaa pembeni na kungojea kufa. Yeye akaenda kwa Buddha kulomba wanamuke nao waingie katika utawa. Buddha akakatala. Akalomba mara ya pili, ya tatu. Jibu paka lile lile.

Sasa angalia vile alifanya. Hakutukana, na hakusema mbele ya watu deni la maziwa. Alikata nywele, akavaa nguo ya utawa, akaongoza wamama, inasemwa 500, kwa miguu mpaka Vesali, katika jimbo la Bihar la leo. Safari ya siku nyingi. Wanawake wa nyumba kubwa, hawakuzoea barabara. Alifika miguu imevimba, mavumbi mwili muzima, akasimama inje ya mulango akilia. Sisi watu wa sendika tunaita ile delegasyo.

Ananda, mutawa na ndugu wa Buddha, alimukuta pale, akachukua maneno yake ndani. Naye akakataliwa mara tatu. Njo akageuza ulizo: mwanamuke akiingia katika utawa, anaweza kufika mwisho wa njia sawa na mwanaume? Buddha akajibu kama anaweza. Basi Ananda akamukumbusha huyu mama ni nani, na ni maziwa ya nani yalimukomaza. Mulango ukafunguka. Deni, ni mwingine alilitaja.

Lakini kuliwekwa sheria 8. Ya kwanza inauma: mutawa mwanamuke, hata kama amemaliza miaka 100 katika utawa, ainamie mutawa mwanaume aliyeingia leo. Gotami alikubali zote 8, akaingia. Kisha akamutuma tena Ananda kwa neno moja tu: kuinamiana kufuate miaka ya utawa, mukubwa aheshimiwe, akiwa mwanaume ao mwanamuke. Akakataliwa. Mimi naona alikuwa na haki, na ile sheria inabishaniwa mpaka leo.

Nyuma yake wamama wazee wengi waliingia. Kulikuwa Sona, mama wa watoto 10, aliyewagawia mali yake yote, nao wakamuacha. Alianza utawa uzeeni, akajulikana kuwa mwenye bidii kupita wote.

Gotami alipougua, watawa wanaume hawakuthubutu kuja kumufundisha, maana sheria ilikataza kuingia makao ya wanamuke. Alimuambia Buddha waziwazi kama anakosa yale mafundisho. Sheria ikabadilishwa: kwa mugonjwa, ruhusa.

Desturi inasema aliishi miaka 120. Alipoona mwisho unakaribia, alienda kumuaga yule aliyekuwa mutoto wake, akamulomba ruhusa ya kutangulia, juu hakutaka kuona kifo chake. Akainama kwenye miguu yake, akaaga na watawa, Ananda analia, kisha akarudi kwa wamama wake kulala.