Solomon Eliufoo, Mwalimu wa Machame

Mtu akitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro hufika Kibaha kabla jua halijawa kali, naye huona majumba ya shule, na mashamba ya kufundishia ukulima, na hospitali. Sisi tukaao Kibaha na Kisarawe tumeyazoea mambo hayo, hata hatuulizi tena yalitoka wapi. Lakini neno tulilolizoea lina mwanzo wake, na mwanzo huo una watu wake. Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za mmoja wao, aliyekuwa Waziri wa Elimu siku zile shule ya sekondari ya Kibaha ilipofunguliwa. Hakuwa mtu wa pwani. Alizaliwa mbali na sisi, katika mteremko wa mlima Kilimanjaro, na watu wa mlima huo ndio waliomtuma kwanza awasemee. Jina lake ni Solomon Eliufoo.

Twamsimulia kwa sababu swali lililomkuta yeye huwakuta hata wazee wa usharika mdogo kabisa. Mtu akichaguliwa na wenzake awasimamie, kiti anachokikalia ni cha nani? Ni chake, ama ni chao?

Eliufoo alizaliwa Machame mwaka 1920. Machame ni nchi ya magharibi ya mlima, na huko ndiko wamisionari wa Leipzig walikofika mwaka 1893. Basi alikua katika nchi yenye kanisa na shule, na watu waliokwisha kuonja faida ya kusoma. Akasoma, akaendelea hata akafika chuo cha Makerere katika Uganda, ambacho siku zile vijana wachache sana wa Tanganyika walipata kukifikia. Kisha akawa mwalimu, akafundisha katika chuo cha waalimu cha Marangu, ambacho siku zile kilikuwa chuo cha Kilutheri. Baadaye akavuka bahari kwenda Marekani, akasoma katika chuo cha Bethany, mjini Lindsborg katika Kansas, chuo kilichoanzishwa na Walutheri waliotoka Uswidi. Akasoma tena Uingereza, katika mji wa Bristol. Hata aliporudi kwao alikuwa mtu mwenye elimu kuliko wengi wa kizazi chake.

Sasa yatupasa kueleza hali ya watu wa mlima, maana asiyeijua hataelewa kwa nini walihitaji mtu wa kuwasemea. Sisi wa huku tumezoea nchi yenye nafasi. Mtu wa Kisarawe akichoka na shamba moja huweza kufyeka pori na kufanya jingine. Mlimani sivyo. Mchagga hukaa katika kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati, naye hulirithi kwa baba yake. Juu yake uko msitu ambao Serikali iliuzuia. Chini yake, tangu siku za Wadachi, yalikuwako mashamba makubwa waliyopewa walowezi. Watu wakazidi, wala nchi haikuzidi. Baba mwenye wana watano aliwatazama akajua ya kuwa kihamba chake hakiwatoshi.

Tena walikuwa wakulima wa kahawa. Mwaka 1925 waliunda chama chao wenyewe cha kulinda kahawa yao, na baadaye chama hicho kikafuatwa na chama cha ushirika cha KNCU. Kwa fedha ya kahawa wakajenga shule na kusomesha watoto. Basi walikuwa watu waliojua hesabu, wenye mali ya kulinda, na wenye haja ya ardhi. Watu wa namna hiyo hawaridhiki kuamuliwa mambo yao na wengine pasipo kuulizwa.

Lakini ni nani aliyewasemea? Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, wala hakuingia Mwafrika hata mmoja mpaka mwaka 1945. Mwaka huo Gavana aliwateua wawili, Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma, na Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Ilikuwa heshima kubwa kwa Machame. Hata hivyo Mangi Abdiel aliingia kwa kuteuliwa na Gavana. Watu wake hawakumpigia kura. Anayewekwa na Gavana huweza kuondolewa na Gavana, naye hana budi kulikumbuka jambo hilo kila asimamapo kusema.

Mlimani kwenyewe mambo yalikuwa yakibadilika. Zamani kila nchi ilikuwa na Mangi wake, na wamangi hao walishindana miaka mingi. Wachagga wakataka kuwa kitu kimoja, na mwaka 1951 walipiga kura kumchagua Mangi Mkuu mmoja wa mlima wote. Akachaguliwa Thomas Marealle wa Marangu, kijana mwenye elimu na maarifa. Wengi walimpenda, na kwa haki, kwa kuwa aliwafanya Wachagga wajione watu wamoja, akalipa jina lao sifa hata nje ya nchi. Mwaka 1957 alikwenda mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kusema habari za Tanganyika.

Hapo ndipo likazuka lile swali. Je, Mangi Mkuu akiisha kuchaguliwa, akae maisha yake yote, au akae kwa miaka iliyopimwa, kisha watu waulizwe tena? Wengine walisema cheo cha Mangi ni cha maisha, ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Wengine walisema aliyepewa kwa kura hawezi kukigeuza kitu hicho kuwa urithi. Mwaka 1958 hao wa pili waliunda chama chao, Chama cha Demokrasia cha Wachagga, na Eliufoo akawa kiongozi wao.

Hatusemi ya kuwa wote waliokuwa upande wake walikuwa na nia safi. Machame na Marangu wana mashindano ya kale, na wako waliompinga Marealle kwa kuwa hakutoka kwao tu. Wala hatusemi ya kuwa waliomtetea Marealle walipenda utumwa. Walimpenda mtu waliyemwona akiwatendea mema. Ugomvi wa namna hiyo ni mgumu, kwa sababu wema uko pande zote mbili. Lakini swali lenyewe lilikuwa la haki, na Eliufoo alilishika hilo. Kiongozi mwema naye yafaa aulizwe, maana siku moja atakuja asiye mwema, naye atakikuta kiti hakina mlango wa kutokea.

Mwaka huo huo wa 1958 ukaja uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Sheria yake ilikuwa ya ajabu. Kila jimbo lilitoa wajumbe watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Na kila mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu. Hakuruhusiwa kupiga kura ila mwenye elimu ya kadiri fulani, au mapato ya kutosha, au kazi ya cheo. Wengi katika TANU waliichukia sheria hiyo, lakini katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, chama kiliamua kuingia. Katika Jimbo la Kaskazini walisimama pamoja Eliufoo, na Bibi Sophia Mustafa wa Arusha, na Bwana Derek Bryceson aliyekuwa mkulima. Wote watatu wakaingia Barazani. Basi miaka 13 baada ya Mangi Abdiel kuteuliwa, mwalimu wa Machame iyo hiyo aliingia kwa kura, tena kwa kura za watu wa kabila zote.

Tuliangalie jambo hili. Watu wa mlima walimpata wa kuwasemea, lakini kwa sheria ile aliyewasemea alikuwa amechaguliwa pia na Wahindi na Wazungu wa jimbo. Hakuweza kuwa wa Wachagga peke yao. Yaelekea somo hilo lilimfaa baadaye. Mwaka 1959 aliitwa katika uwaziri, akakabidhiwa kazi ya afya, naye akawa mmoja wa mawaziri wa kwanza waliotoka kati ya wajumbe waliochaguliwa.

Februari 1960 Wachagga wakaulizwa kwa kura, je, wataka Mangi Mkuu, au wataka Rais atakayechaguliwa kwa muda? Walio wengi wakataka Rais. Marealle akaondoka katika cheo, na Eliufoo akachaguliwa kuwa Rais wa Wachagga. Hapo maneno yake mwenyewe yalimgeukia. Miaka miwili alikuwa amehubiri ya kuwa kiti ni cha watu, hakina urithi, nacho hurudishwa. Sasa kiti alikuwa nacho yeye.

Tena alikirudisha, wala si kwa muda mrefu. Uhuru wa Tanganyika ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Kisha Serikali ikaamua kuondoa tawala za kichifu katika nchi nzima, na mwaka 1963 zikakoma. Hata urais wa Wachagga, uliotafutwa kwa taabu nyingi, ukaisha, na mambo ya mlima yakawa chini ya halmashauri ya wilaya kama mahali pengine pote. Wachagga walikuwa wamejitahidi wawe kitu kimoja, na mara umoja wao ukamezwa na umoja mkubwa zaidi. Wako waliohuzunika, wala hatuwalaumu. Eliufoo alikuwa mmoja wa watu wa Serikali iliyofanya uamuzi huo. Hakukaa nyuma kulinda cheo chake.

Kwa maana wakati huo alikuwa amekwisha kupewa kazi nyingine. Tangu mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Elimu, na hapa ndipo habari zake zinapotufikia sisi. Katika siku za ukoloni shule zilitengwa. Ya Wazungu mbali, ya Wahindi mbali, ya Waafrika mbali, na fedha haikugawanywa sawa. Tangu Januari 1962 sheria mpya ilizifanya shule zote kuwa za watoto wote. Mwaka 1964 karo za shule za sekondari zikafutwa. Hata mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule ya msingi. Hayo hayakuwa yake peke yake, kwa kuwa waziri ni mmoja kati ya wengi. Lakini yalipitia mikononi mwake.

Na hapa palikuwa na jaribu kubwa. Kilimanjaro palikuwa na shule nyingi, kwa sababu ya misheni na kahawa. Pwani, na kusini, na nchi nyingi za kati, hazikuwa nazo. Hapa Kisarawe misheni yetu ilianza karibu wakati ule ule wa Machame, lakini hatukuwa na kahawa ya kusomeshea watoto. Karo ilipokuwapo, mtoto wa mwenye kahawa alikwenda sekondari, na mtoto wa Mzaramo mwenye mihogo na mikorosho alibaki nyumbani hata kama ana akili. Karo ilipoondolewa, mlango ulifunguliwa kwa wote wawili, na nafasi zilikuwa chache. Maana yake, mtoto wa mlimani sasa alikuwa na mshindani asiyekuwapo zamani. Mtu aliyetumwa na mlima alitumikia sheria iliyowafaa hata wasio wa mlima.

Katika miaka hiyo hiyo ikajengwa Kibaha. Mwaka 1962 nchi za Uswidi, Norwe, Denmaki na Finlandi zilipatana na Serikali ya Tanganyika kujenga hapa mahali pa elimu, na ukulima, na afya. Shule ya sekondari ikaanza mwaka 1965. Januari 1970 kazi yote ikakabidhiwa kwa Tanzania, ikaitwa Shirika la Elimu Kibaha. Vijana wa kila upande wa nchi wamesoma hapo, wa mlima na wa pwani katika bweni moja.

Eliufoo hakuishi kuyaona matunda mengi. Aliacha uwaziri katika miaka ya mwisho ya 1960, naye akafariki mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka kama 50 tu.

Basi, ndugu waalimu wa dini na wazee wa usharika, tumepata nini katika habari hizi? Sisi nasi tuna viti. Kuna kiti cha mzee wa kanisa, na cha mtunza sanduku, na cha mwenyekiti wa kwaya. Mara nyingi tunaona mtu akichaguliwa kwa furaha, halafu miaka ikapita, funguo zikawa zake, daftari likawa lake, na anayeuliza habari za uchaguzi huhesabiwa kuwa adui. Huenda mtu huyo ametenda mema mengi. Hilo si jibu la swali. Na sisi tuulizao, tujipime pia, tusije tukataka kiondolewe kiti kwa fulani ili tukikalie sisi vivyo hivyo. Mwalimu wa Machame alidai cheo kiwe na mwisho, akapewa cheo hicho, na mwisho wake ulipofika akaendelea na kazi. Kumdai mwenzako hivyo ni rahisi. Kazi ni kuyakubali hayo siku zamu yako ikifika.