Raiffeisen, meya aliyeipima miradi yake mwenyewe

Tukizunguka vijijini kurekodi vipindi vya wakulima, jambo moja tunakutana nalo mara kwa mara. Kibao cha mradi bado kimesimama kando ya barabara, lakini mradi wenyewe ulishakufa. Mbegu zilikuja, semina zikafanyika, posho zikalipwa, wafadhili wakaondoka. Ukame uliofuata ukawakuta watu palepale.

Kwa sababu hiyo wiki hii tunawaletea maisha ya Friedrich Wilhelm Raiffeisen wa Ujerumani, mtu aliyeanzisha miradi ya kuwasaidia wakulima wadogo, kisha akawa na ujasiri wa kukiri kwamba baadhi yake haikuwa na miguu ya kusimamia.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 katika mji mdogo wa Hamm, eneo la milima la Westerwald, ambako ardhi ni duni na baridi ni kali. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Akiwa na miaka 17 aliingia jeshini, lakini ugonjwa wa macho ukamtoa. Mwaka 1845 akawa meya wa Weyerbusch. Msomaji usifikirie meya wa jiji. Kazi yake ilikuwa kusimamia vijiji maskini vya wakulima.

Njaa ya mwaka 1846 na 1847

Mwaka uliofuata mavuno yaliharibika. Serikali ikatuma unga, ila kwa amri kwamba uuzwe kwa fedha taslimu. Wenye njaa fedha wangeitoa wapi? Raiffeisen aliikiuka amri hiyo. Aliwakusanya wenye uwezo wachangie fedha, wakulima wakachukua chakula kwa mkopo wa kulipa baada ya mavuno. Chama hicho kikajenga tanuri, kikaoka mkate na kuuuza kwa bei nafuu. Kilinunua pia mbegu za msimu uliofuata. Njaa ikavukwa.

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld. Huko adui mkubwa alikuwa deni. Mkulima alichukua ng'ombe kwa mfanyabiashara kwa masharti mabaya, na akishindwa kulipa alinyang'anywa ng'ombe, wakati mwingine hata shamba. Mwaka 1849 Raiffeisen aliunda chama cha matajiri wapatao 60 waliokubali kubeba dhamana kwa pamoja. Chama kilinunua ng'ombe na kuwauzia wakulima kwa malipo ya kidogo kidogo katika miaka kadhaa. Baadaye kikaanza kukopesha fedha.

Pale alipojipima

Alipohamia Heddesdorf, mwaka 1854 alianzisha chama kikubwa zaidi cha hisani, kilichogusa mikopo, watoto waliokosa malezi na hata waliotoka gerezani. Hapo ndipo ufa ulipoonekana. Wenye mali walikuwa wakibeba hasara bila faida yoyote kwao, na taratibu moyo wao ukapoa. Waliosaidiwa nao hawakuwa wanachama, kwa hiyo chama hakikuwa chao. Hawakuwa na kura wala jukumu ndani yake.

Raiffeisen alisitasita, kwani aliamini sana katika hisani. Lakini mwaka 1864 alikibadilisha chama kikawa cha kuweka na kukopa. Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba anayetaka mkopo awe mwanachama. Eneo likawa dogo, watu wanaojuana, ili kila mmoja ajue jirani amekopa kwa kazi gani. Viongozi hawakulipwa, isipokuwa mtunza hesabu. Faida haikugawanywa, iliwekwa akiba ya siku mbaya. Mikopo ilitolewa kwa muda mrefu, maana ng'ombe na shamba havirudishi fedha kwa mwezi mmoja.

Miaka hiyo haikuwa rahisi kwake. Mkewe Emilie alifariki mwaka 1863, na mwaka 1865 afya mbovu ikamwondoa kazini. Macho yakiwa yamekaribia kuzima, bintiye Amalie alimwandikia kitabu kuhusu vyama hivyo, kikatoka mwaka 1866 na kusambaza mfumo mbali. Raiffeisen alifariki Neuwied tarehe 11 Machi 1888, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70. SACCOS tulizonazo leo zina asili yake katika vyama vya namna hiyo.

Tunajifunza nini?

Hatusemi kwamba msaada wa chakula ni mbaya. Mkate wa mwaka 1847 uliokoa watu, na mwenye njaa hangoji semina. Ila kuvuka njaa moja ni tofauti na kuwa tayari kwa njaa ijayo.

Kwa hiyo siku watathmini watakapofika kijijini kwenu wakihesabu mifuko iliyogawiwa na watu waliohudhuria mafunzo, nanyi waulizeni ya kwenu. Je, mkulima ana kura katika mradi huu? Mahesabu yanasomwa hadharani? Kuna akiba inayobaki hapa kijijini? Mfadhili akiondoka kesho, nani atafungua ghala msimu ujao?

Kama jibu la swali la mwisho halina jina la mtu wa kijijini kwenu, jambo hilo lisemwe mkutanoni mapema, kabla kibao hakijabaki peke yake.