Maisha ya Daktari Robert Koch

Mwaka 1818 Mary Shelley wa Uingereza alitoa kitabu cha kutisha juu ya mtaalamu aliyetengeneza kiumbe chenye uhai, kisha akakikimbia. Hiyo ni hadithi tu. Lakini elimu kupita mpaka wake ni jambo lililotokea kweli katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, na maisha ya Daktari Robert Koch yatuonyesha.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, Ujerumani. Mwaka 1876 alithibitisha kijidudu kiletacho kimeta. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu, ugonjwa ambao wengi waliudhani kuwa wa urithi. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1905. Hata leo kila mgonjwa apimwaye makohozi hospitalini anafaidi kazi yake.

Lakini mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, akaficha jinsi ilivyotengenezwa. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Dawa haikuwaponya, na wengine wakafa.

Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma huku achunguze malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o, ambao sisi wa Kaengesa twawajua tushukapo bonde la Rukwa. Nchini Uganda malale ilikuwa ikiua watu kwa maelfu. Koch akapiga kambi katika visiwa vya Ssese, katika Ziwa Viktoria, na wagonjwa zaidi ya 1,000 wakamjia. Akawachoma sindano za atoxyl, dawa yenye sumu ya aseniki. Mwanzo wengi walipata nafuu. Ugonjwa uliporudi, akaongeza kipimo hata gramu 1. Ndipo watu zaidi ya 20 wakapofuka kabisa. Kipimo kile akakiacha, lakini macho yao hayakurudi. Mwaka 1907 alirudi kwao, akafa huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Tuseme nini, basi? Hatumwiti mwovu. Malale iliua, wala dawa iliyo bora haikuwako. Lakini wale walimjia wakitafuta uzima, naye alikuwa akitafuta kipimo. Na aliyejaribu siye aliyebaki gizani. Mgonjwa ameumbwa kwa mfano wa Mungu, hafai kufanywa chombo cha kujaribia. Mwaka 1964 madaktari wa ulimwengu walikubaliana huko Helsinki kwamba mtu asijaribiwe dawa pasipo kuelezwa hatari yake na kukubali mwenyewe.

Kwa hiyo, ninyi waalimu wa vijijini, mgonjwa wa kifua msimcheleweshe nyumbani. Mpelekeni hospitali mapema. Tena mfundisheni kuuliza, kwa adabu wala pasipo hofu, ni dawa gani apewayo, na ya nini. Daktari mwema hachukizwi na swali hilo.