Kipchomber arap Koilegen na Nduguze

Chai tuinywayo asubuhi na jioni katika miji yetu ya pwani, sehemu kubwa yatoka katika vilima vya Kericho na Bomet. Twaijua harufu yake na bei yake, lakini wachache miongoni mwetu wanaojua habari za watu walioishi katika vilima hivyo kabla ya mashamba makubwa ya chai. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mmoja wao, Kipchomber arap Koilegen, kwa kuwa ndani yake mna mazingatio kwa kila mwenye ndugu.

Bwana huyu alizaliwa katika ukoo wa Talai, katika nchi ya Wanandi. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa orkoiyot, yaani kiongozi ambaye watu wake walimwendea kwa shauri la vita, la mvua na la ibada. Mnamo mwaka wa 1890 Wanandi walimtupia Kimnyole lawama za misiba iliyowapata, wakamwua. Wanawe wakabaki na msiba wa baba, na juu yake fitina ya urithi. Kipchomber na nduguye Koitalel arap Samoei waligombea cheo cha baba yao, na kila mmoja akawa na kundi lake. Ugomvi huo ulikwisha mwaka wa 1895, Koitalel aliposhinda, naye Kipchomber akaihama nchi, akakimbilia kwa Wakipsigis wa upande wa Kericho. Huko alipokewa kwa heshima, akawa orkoiyot wao wa kwanza.

Majina ya ndugu hawa hayafanani. Mgeni asikiaye arap Samoei, arap Koilegen na arap Boisio hadhani kuwa ni wana wa baba mmoja. Lakini wenyewe walijuana, na wazee wao waliihifadhi nasaba kwa moyo.

Huo ndio utengano wa kwanza, nao waliufanya wenyewe kwa mikono yao. Utengano wa pili uliletwa na wengine. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwaka wa 1901, ikikata nchi za watu hawa. Koitalel aliwaongoza Wanandi kuwapinga Waingereza kwa miaka mingi, hata tarehe 19 Oktoba 1905 alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi na afisa wa Kiingereza, Meinertzhagen. Ikiwa palisalia neno la kusameheana baina ya ndugu wawili wale, siku ile lilipitwa na wakati.

Serikali iliendelea kuuogopa ukoo wote. Mwaka wa 1914 ilimkamata Kipchomber pamoja na nduguze, Kibuigut na Boisio, kwa shutuma ya kuwachochea watu, ikawatoa Kericho na kuwapeleka mbali, katika nchi ya Wakikuyu, upande wa Fort Hall na Nyeri. Sisi wa pwani tusilione jambo hili geni. Katika siku zizo hizo Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama, alitolewa kwao akapelekwa Kisii, mpakani mwa Wakipsigis. Basi mtu wa pwani alihamishiwa bara magharibi, na mtu wa magharibi akahamishiwa mlima Kenya, ili kila mmoja awe mgeni asiye na jamaa. Mekatilili alitoroka mwaka wa 1914 akarudi kwao kwa miguu. Kipchomber hakurudi. Alifariki uhamishoni mwaka wa 1916.

Kifo chake hakikuwaponya waliobaki. Mwaka wa 1923 Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alitiwa kizuizini, asifunguliwe hata mwaka wa 1964. Mwaka wa 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwaondoa Talai katika nchi ya Kericho, na watu wapatao 700, wazee, wanawake na watoto wachanga, wakapelekwa Gwasi, karibu na ziwa Nyanza, penye joto, mbung'o na homa. Wengi walikufa, na mifugo yao pia. Walikaa huko hata karibu na uhuru, na waliporudi waliikuta ardhi ya zamani iko mikononi mwa makampuni ya chai.

Huenda msomaji akauliza: watu hawa walikuwa waaguzi, nasi twaamini kuwa mambo ya ghaibu hayajui ila Mwenyezi Mungu; yatuhusu nini? Jawabu ni kwamba dhulma haiwi haki kwa sababu aliyedhulumiwa si wa dini yetu. Dini yetu yatufundisha kuwa hakuna abebaye mzigo wa mwenziwe. Mtoto aliyezaliwa Talai alikuwa na kosa gani hata aondolewe kwao? Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza hata mateka kutenganishwa mama na mwanawe. Ikiwa hiyo ni haki ya mateka, je, mtoto aliye huru?

Na tusiwanyoshee kidole watawala peke yao. Katika miji yetu, baba na mama wakifa, mayatima hugawanywa: huyu huchukuliwa na ami Lamu, yule na khalati Mombasa, na mdogo hupewa mtu baki amleaye kwa jina lake mwenyewe na kumficha asili yake. Nia huwa njema, na malezi ya yatima ni ibada kubwa. Lakini Zaid bin Haritha, aliyetekwa utotoni akalelewa nyumbani mwa Mtume, alirudishiwa jina la babake kwa amri ya Mola, na mapenzi hayakupungua. Basi amleaye mtoto amwambie ukweli: baba yako ni fulani, na ndugu zako wako mahali fulani. Ampeleke akawaamkie sikukuu. Asiyemjua nduguye huweza hata kumwoa pasi na kujua, na kumdhulumu mirathi.

Kipchomber alitengwa na ndugu mmoja kwa fitina, na wengine kwa nguvu za serikali. Nguvu za serikali hakuwa na uwezo wa kuzizuia. Fitina ya nyumbani twaweza kuizuia sote, maadamu ndugu zetu wangali hai. Mwenyezi Mungu atujaalie kuunga yale aliyoamrisha yaungwe. Amin.